Anwani Wakati wa Likizo

Fomu ya likizo ilikuwa na mistari kumi na moja, na kwa miaka kumi na tisa Sista Aika aliijaza bila kufikiri. Jina, cheo, kituo cha kazi, tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi. Mstari wa nane uliuliza anwani wakati wa likizo. Hapo, kila baada ya miaka miwili, aliandika Machame, kwa mwandiko ule ule aliofundishwa shule ya misheni. Kisha alipanda basi, akafika, akavua viatu, akafunga kitenge kiunoni na kuanza kuwapikia watu arobaini.

Mwaka 1994 alifika kwenye mstari wa nane akaweka kalamu chini.

Alikuwa mkunga wa zahanati moja upande wa Ruaruke, mwanamke wa miaka arobaini na minane, mrefu, mwenye sauti ndogo ambayo watu walijifunza kuiogopa. Hakuolewa, na kwa nini hakuolewa ni habari ambayo hakumpa mtu. Alikuja Rufiji akiwa binti aliyepangiwa kituo na serikali, akalia wiki mbili kwa sababu ya mbu na joto, kisha akanyamaza, na tangu hapo hakulia tena mbele ya watu. Kindengereko, lugha ya wenyeji, alijifunza kwanza cha uchungu wa uzazi, cha salamu baadaye. Wanawake walimwita Sista. Wazee walimwita yule Mchaga wetu, na neno hilo "wetu" lilikaa kifuani mwake kama kitu cha kuazima, ambacho mwenyewe anaweza kukidai wakati wowote.

Kilichomfanya aweke kalamu chini ni kijitabu. Mwezi wa pili, mtalii mmoja, mwanamke, aliyekuwa akitoka kuangalia tembo upande wa Ngarambe, alishikwa na malaria njiani, akalazwa siku mbili kwenye kitanda cha zahanati chini ya chandarua chenye viraka. Alipopata nafuu aliondoka na kusahau, au kuacha makusudi, kijitabu cha karatasi ya kung'aa. Kilikuwa cha kampuni ya Dar es Salaam iliyokodisha boti za matanga kwa watu walio likizo. Boti nyeupe, vitanda na jiko na choo ndani yake, nahodha na mpishi juu. Aliyekodi alichagua njia mwenyewe. Ramani ndogo ilionyesha pwani na visiwa vyake, Kwale, Koma, Chole, Jibondo. Lakini pale mto Rufiji unapogawanyika na kuingia baharini kwa midomo mingi, mchoraji hakuandika jina lolote. Alipaka kijani tu.

Aika alilitazama lile doa la kijani kwa siku nyingi. Nusu ya wanawake aliowazalisha walitoka humo. Waliletwa kwa mitumbwi hadi Nyamisati, kisha kwa baiskeli, kwa machela, kwa lori la kambamiti, wengine wakiwa na pumzi, wengine bila. Yeye hakuwahi kwenda walikotoka. Alikuwa mtu wa mwisho wa safari za wenzake, amesimama mlangoni, mikono imeoshwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Redio ilisema mwenye uwezo anunue, auze, ajenge, asafiri. Kibiti palijaa mitumba na soda za kopo, na mabasi ya watu binafsi yalipita yakipiga muziki. Vitu vilikuja kwa kelele. Vingine viliondoka kimya kimya, na wajawazito wakaanza kuja kujifungua na glovu zao wenyewe kwenye mfuko wa rambo. Aika hakuwa na ugomvi na soko huria. Alitaka tu kujua kama ile ruksa ilikuwa yake pia, au ilikuwa ya wale wanaopita na magari kwenda kuangalia tembo.

Akakipeleka kijitabu kwenye kikao cha upatu. Walikuwa wanawake sita waliocheza pamoja miaka minane, na kutoka katika mchezo huo yalikuwa yametoka mabati, cherehani na vitanda vya chuma. Wenye sauti, ukimwacha Aika, walikuwa wawili. Mwanawetu alinunua kambamiti kwa wavuvi na kuwapeleka Dar es Salaam, na tangu biashara ifunguliwe alikuwa ameanza kunenepa na kusema kwa nguvu. Bi Kijakazi alikuwa mkunga wa jadi, umri wake haujulikani, aliyegombana na Aika miaka mitatu ya mwanzo na kuwa shoga yake miaka yote iliyofuata.

Bi Kijakazi alikishika kijitabu mbali na macho. Akatazama picha ya watu waliojilaza juu ya boti, wanaota jua.

"Hawa nguo zao zimeibwa?"

"Wamevua wenyewe," Aika akamwambia. "Wako likizo."

"Mie nikivua nguo mbele ya nahodha, mwenzangu, huyo nahodha ataachia usukani."

Walicheka mpaka kuku wakatawanyika uani. Mwanawetu ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Aliuliza nani anaruhusiwa kukodi boti hiyo. Aika akasema kijitabu hakikumtaja mtu, kimesema yeyote. Mwanawetu akalirudia neno hilo polepole, yeyote, kama mtu anayeonja chumvi. Akasema kambamiti wake wamesafiri baharini miaka kumi na yeye amebaki ufukweni anawapungia mkono. Kikao kikaisha kwa makubaliano kwamba mwaka ule hapatakuwa na mabati wala cherehani.

Kilichowapa kazi ni njia. Kijitabu kilisifu sana visiwa visivyo na watu, mafungu ya mchanga ambako mgeni angeachwa mchana kutwa na kapu la chakula. Bi Kijakazi alitaka asomewe sehemu hiyo mara mbili. Akauliza mtu anayelipa ili apelekwe mahali pasipo na mtu amegombana na nani. Mafungu yote ya mchanga yakafutwa. Walitaka visiwa vyenye moshi wa jiko. Walitaka kushuka, kupiga hodi, kupewa maji ya kunywa na kuulizwa habari za kwao. Aika akataka na siku mbili za mwisho ziwe ndani ya lile doa la kijani.

Yeye na Mwanawetu walikwenda Dar es Salaam kuonana na wakala wa kampuni, kijana mmoja aitwaye Zaidi, mwenye ofisi ndani ya hoteli. Zaidi aliwatazama mlangoni akawaelekeza kwa heshima kwamba wenye kuuza kambamiti wanapitia nyuma, jikoni. Mwanawetu alivuta kiti akakaa. Akasema leo hana kambamiti, ana watu sita wanaotaka boti.

Zaidi alicheka, kisha akaona yuko peke yake. Mwezi wa Juni boti ilikuwa haijakodiwa na mtu, kwa kuwa kusi inavuma na Wazungu wanaanza kuja Julai; hilo ndilo lililofanya jambo liwezekane. Akatandaza ramani mezani. Kwale na Koma hakuwa na neno. Chole, sawa. Delta, lile doa la kijani, akakataa. Alisema hakuna mgeni aliyewahi kuomba kwenda kule, kuna mikoko na matope na mbu, na boti ina mkuku mrefu chini, itakwama kwenye kina kifupi. Mwanawetu akamweleza, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba watu wa kule hawaendi kwa kalenda ya ofisini. Mwezi ukiandama, bamvua, yaani maji makuu, linajaa, na siku mbili tatu hizo mlango wa Simba Uranga unapitisha chombo kikubwa kuliko hicho chake. Akahesabu kwa vidole. Wangeondoka Jumatano tarehe nane Juni, warudi Jumapili. Mapema kuliko hapo au baadaye, maji yangekuwa mafu.

Kwenye orodha ya vyakula walifuta mvinyo, jibini na nyama ya nguruwe, wakaandika mchele wa Mbwera, nazi, ndimu na mkungu wa ndizi mzuzu. Zaidi aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishoni aliwaita mama zangu.

Aika aliporudi aliichukua ile fomu. Mstari wa nane akaandika: Baharini.

Karani wa likizo aliitwa Benedict, mtu wa bara kama yeye, Mkatoliki wa Kibosho, mpole, mashati yamepigwa pasi hata siku za vumbi. Aliisoma fomu, akamwita pembeni.

"Dada Aika, baharini si anwani."

"Ndiko nitakakokuwa."

"Basi andika Machame halafu nenda unakotaka. Nusu ya fomu zilizo kwenye kabati hili ni hivyo hivyo. Nani atakufuata?"

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anampa kile ambacho ofisi humpa mtu inayempenda: mlango wa nyuma. Na huo ndio uliomuuma Aika. Angeweza kufanya lolote, kwenda popote, alimradi kwenye karatasi abaki pale walipomweka. Alimwambia Benedict kwamba ameandika Machame mara tisa, na mara zote tisa hakupumzika hata siku moja. Kama kuna uongo kwenye kabati lile, basi ni huo. Hataandika mara ya kumi.

Benedict akamweleza hali ilivyo. Bila anwani, bosi hasaini. Bila saini, mkunga anayeondoka kituoni siku tano ni mtoro, na mtoro hufukuzwa. Na Juni ikiisha, siku zake za likizo zinapotea zote. Akamrudishia fomu kwa mikono miwili.

Habari ilipanda mlima kwa basi. Baada ya wiki moja Shedrack alifika, mdogo wake, kitinda mimba wa familia, aliyerithi kihamba cha baba yao, migomba na kahawa na nyumba, kama desturi yao inavyotaka. Alikaa sebuleni kwa Aika na soda mkononi bila kuinywa. Binti yake alikuwa anapata kipaimara Jumapili ya tarehe kumi na mbili Juni. Ukumbi umeshalipiwa, ng'ombe yupo. Aliongea muda mrefu kuhusu ng'ombe.

"Watu wanasema dada yangu anakwenda kustarehe na boti kama Mzungu," akasema hatimaye.

"Wanasema kweli."

"Na mtoto je? Shangazi yake asionekane?"

"Mtoto nimemshonea gauni, utaondoka nalo. Ila ninyi hamtafuti shangazi, Shedrack. Mnatafuta mpishi."

Shedrack aliizungusha ile chupa. "Kwenu ni kwenu, dada. Chumba chako kipo."

"Chumba changu kina magunia ya mbolea. Mara ya mwisho nililala nayo."

Hakubisha. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mpango ule ni wa baba, si wake, na Aika akajibu kwamba anajua. Kwa dakika chache walikaa kama watoto wa mama mmoja. Wote wawili walikumbuka, nadhani, baridi ile ya asubuhi na maziwa yanayotoa moshi, vitu ambavyo havikuwa na kosa. Kisha Shedrack akasimama, akalichukua gauni katika mfuko wake, akamwambia dada yake kwamba akienda huko asidhani atarudi na kuukuta mlango ule ule. Aika akamsindikiza hadi kituo cha basi. Akamnunulia machungwa ya njiani. Hakubadilisha neno.

Zilibaki siku kumi na moja. Mwanawetu alianza kusema kwamba wengine watano wanaweza kwenda bila Aika, akaisema kwa kuangalia pembeni, na Bi Kijakazi akamwambia anyamaze.

Jumamosi mchana, zahanati ikiwa tupu, Aika alifungua kabati la chuma akatoa madaftari ya uzazi, yote kumi na tisa. Wanawake wa upande ule, hata walioolewa mbali visiwani, mimba ya kwanza huja kujifungulia kwa mama zao, kisha hurudi kwa waume na mtoto mgongoni. Ndiyo maana katika madaftari yale, pembeni ya jina la kila mzazi wa kwanza, palikuwa na mahali anaporudi: jina la mume, kisiwa, alama ya nyumba. Aika mwenyewe ndiye aliyekuwa akiandika, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya kadi za chanjo. Bi Kijakazi alikaa kando yake na kumsahihisha. Huyu aliachwa. Huyu walihamia ng'ambo. Huyu yupo, mtoto wake sasa anavua.

Jumatatu alimwekea Benedict fomu mezani. Mstari wa nane ulisema: tazama karatasi iliyoambatishwa. Karatasi ilisema hivi. Usiku wa Jumatano, Kwale, nyumbani kwa Semeni, nyumba ya tatu nyuma ya msikiti. Alhamisi, Koma, kwa Kudra mke wa fundi mitumbwi. Ijumaa, Chole, kwa Mwinyimvua, baba wa mapacha. Jumamosi, Salale, kwa Muhidini muuza duka. Jumapili, Msala, kwa mama yake Abdala, kabla ya kurudi Nyamisati maji yakijaa. Boti ingetia nanga mbele ya kila mahali hapo, na mwenye nyumba angejua mkunga yuko wapi.

Benedict alisoma hadi chini, akarudi juu.

"Hakuna mtumishi aliyewahi kuniletea anwani tano."

"Mliomba moja. Nimewaongezea."

Aliibeba karatasi kwenda kwa bosi. Alikaa huko muda mrefu, na kupitia ukuta Aika alisikia sauti mbili, moja ikiuliza na nyingine ikieleza. Benedict alirudi akifuta shingo kwa leso. Bosi hakuona sababu ya kukataa anwani, ila kulikuwa na suala la nauli. Serikali humlipia mtumishi nauli ya kwenda kwao, na mstari wa tisa, mahali pa nyumbani, unasema Machame. Sasa yeye haendi kwao.

Aika alisema hajaomba nauli. Akaivuta fomu ili aandike hivyo. Macho yake yakakaa kwenye mstari wa tisa. Neno Machame halikuwa la kwake hata. Lilikuwa limepigwa chapa, kutoka kwenye faili, tangu siku alipoajiriwa. Akalikata kwa mstari mmoja.

Benedict aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Dada, huo usiuguse. Huo si wa likizo. Huo ndio tunaoutazama mtumishi akifariki. Jeneza linapelekwa palipoandikwa hapo."

"Najua."

"Wakikuzika huku, nani wa kwenu ataliona kaburi?"

Aika hakuiondoa kalamu. Aliijua hata pembe ya kihamba watakayompa, chini kabisa, karibu na mfereji, mahali ambapo mtu hupita na mzigo wa majani bila kuangalia. Aliyajua pia makaburi ya Ruaruke, yenye mchanga mweupe na minazi, ambako alikuwa ameshawasindikiza wengi, baadhi yao akiwa ameshindwa kuwaokoa kwa mikono yake hii. Huko hakuahidiwa chochote. Hakuna aliyemwambia njoo ulale hapa. Lakini hakuna pia aliyemwekea magunia.

"Wataliona walio huku," akasema. "Toa mkono, Benedict."

Benedict akautoa. Aika akaandika juu ya neno lililokatwa: Ruaruke, Rufiji. Mwandiko ulikuwa ule ule, umenyooka, bila haraka. Benedict akageuza fomu upande wake, akaandika kwenye sehemu ya nauli "haihitajiki", akapiga muhuri, akaipulizia wino ukauke. Alipompa alisimama. Hakuna aliyemlazimisha kusimama.

Jumatano tarehe nane Juni boti ilitia nanga mkondoni mbele ya Nyamisati, na wanawake sita wakapelekwa kwa mtumbwi, wamekaa wima, vikapu magotini. Bi Kijakazi alipanda wa kwanza, akagonga ubao kwa kisigino kuona kama ni mzima. Nahodha, Miraji, mtu wa makamo, alikuwa ameambiwa atapokea wageni. Alitazama nyuma yao kidogo, kama kwamba wageni wenyewe wanakuja na mtumbwi mwingine. Kisha akawaamkia shikamoo, mmoja mmoja, kwa mpango wa umri.

Walipotoka nje ya mikoko, kusi ikawapiga ubavuni. Mwanawetu alipiga kelele za furaha. Aika alishika kamba ya pembeni, akaona anga linapanda na kushuka, akainama akatapika. Akatapika chai, akatapika maandazi, akatapika maji ya njano. Bi Kijakazi alimshika kiuno kwa kanga iliyofungwa fundo, kama anavyowashika wanawake walio kwenye uchungu, na kumwambia apumue.

Miraji aliwakaribia, ameshika kofia isipeperuke. Alisema kwa upole kwamba upepo huu hautapungua leo, wala kesho. Amewaona wanaume wakubwa wakilia kwa hali hii. Hakuna aibu; akigeuza sasa, baada ya saa mbili watakuwa Nyamisati, mama akalale nchi kavu.

Aika alijifuta mdomo kwa ncha ya kanga. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na macho yamejaa maji, lakini ile sauti ndogo ilikuwa mahali pake.

"Nimeandika Kwale," akamwambia. "Twende Kwale."

Kisha akainama tena.